Samaki Saba wa Kasiani

Mwaka 1974, Jumamosi moja sokoni Morogoro, Filomena aligongana na karani wa reli aliyekumbatia chupa ya samaki wa kufuga kama aliyebeba kitu kitakatifu. Maji yakalilowesha gauni lake la terilini ya manjano.

"Bibie, huna macho?"

"Ninayo mawili, na yote yanamwona mwanamume mzima akitembeza kitoweo kisichojaza kijiko!"

Kasiani, karani huyo, alicheka pasipo kupenda. Tangu siku hiyo, kwa miezi minane, alimpigia simu kila adhuhuri katika ofisi ya ushirika ambako Filomena alikuwa mpiga chapa, akimwita "kipenzi changu", naye akimwita "Bwana Samaki". Posa ikapelekwa Kinole, kijijini kwao Filomena milimani. Kwa desturi ya Waluguru, jibu lilikuwa mikononi mwa mjomba wa binti, mzee Yakobo, naye angeshuka mjini Jumapili iliyopangwa kulitoa.

Majuma mawili kabla ya siku hiyo, Filomena alileta majani ya majini kutoka kijito cha kwao, akayapanda katika tangi la kioo la Kasiani, nyumbani kwake Mafiga. Kufikia Ijumaa iliyotangulia ujio wa mjomba, samaki wanne kati ya saba walikuwa wamekufa, matumbo yametobolewa.

Simu ikalia ofisini kwa Filomena.

"Umeniletea nini katika majani yako?"

"Salamu kwanza, Kasiani."

"Sina salamu! Huo ni uchawi wa milimani. Mama yako ndiye aliyekutuma?"

"Rudia."

"Mchawi ni mchawi, hata akijua kupiga chapa!"

Aliyasema hayo stesheni, makarani wenzake wakisikia. Msomi naye hupotewa na akili kama asiyesoma, ila yeye hana udhuru.

Jumapili mzee Yakobo alibisha hodi Mafiga. Nyuma yake alisimama Filomena, amejitanda khanga kama aendaye msibani. Kasiani aliwafungulia akiwa ameshika kopo la viluwiluwi vya mbu, chakula cha samaki wake, alivyovichota kila asubuhi katika mtaro wa nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumesikia kwetu ni kwa wachawi. Tumekuja utuonyeshe."

Hakuwakaribisha kuketi. Filomena alichungulia kopo, akalinyakua, akalimimina katika sahani nyeupe. Katikati ya viluwiluwi alitambaa mdudu wa rangi ya matope. Ghafla taya lake likachomoka kama mkono, likanasa kiluwiluwi.

"Mtoto wa kerengende," akasema mzee. "Hula hata samaki."

"Majani yangu niliyaosha kwa maji ya chumvi, jani moja moja, nawe ukitazama," akasema Filomena. "Huyu umemchota mwenyewe."

Kasiani akasogea karibu naye. "Mpenzi wangu…"

"Usiniite hivyo! Ulinitukana stesheni. Kajisahihishe huko huko."

Mzee Yakobo akavaa kofia yake. Jibu la posa hakulitoa.

Jumatatu adhuhuri simu ililia. Filomena alisikia makarani wakicheka, kisha sauti ya Kasiani ikapaa juu ya vicheko vyao.

"Nasema mbele ya wote: Filomena nilimsingizia. Mdudu niliwatilia samaki mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Vicheko vikakoma.

"Filomena? Mjomba amesema nini?"

"Mjomba atajibu baada ya mavuno. Amesema anataka kuona kama ulimi wako utatulia hadi wakati huo."

"Na wewe?"

Filomena alivuta karatasi kutoka katika mashine ya chapa.

"Mimi nitakuja Jumamosi na kitambaa cha kuchujia viluwiluwi, Bwana Samaki. Wamebaki watatu."