Diski Isiyo na Herufi

Jua lilikuwa linazama Nathaniel alipofika Igombe, nyumbani kwa mama Teodora, mjane wa Chenge. Nathaniel ni fundi kompyuta pale Mirongo, na kazi aliyoitiwa ilikuwa ndogo: kutafuta picha za marehemu kwenye kompyuta yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Tangu tumzike sijaiwasha."

Aliiwasha. Feni ikavuma. Picha hazikuwemo. Alipofungua sehemu ya kupangia diski ndipo akaona: diski ya pili ipo, nzima, imejaa, ila haina herufi, ile alama kama C au D inayoifanya diski ionekane. Haikuharibika. Mtu aliiondolea herufi kwa makusudi ili isionekane.

"Hii mzee aliificha," alisema.

"Alinificha mimi?"

Fundi akaipa herufi E, akabofya.

Chumba kikanuka magugu ya ziwa... yaliyooza. Na dirisha lilikuwa limefungwa.

Ndani ya diski zilikuwemo sauti tupu, zilizorekodiwa usiku baada ya usiku. Akafungua ya kwanza. Upepo. Maji. Kisha mwanamume, kwa mbali, akiita taratibu: "Chenge... Chenge..."

"Huyo ni Elias," mama Teodora alinong'ona. "Mdogo wake. Alizama mwaka juzi."

Zote zilikuwa hivyo hivyo, ila kila iliyofuata sauti ilisogea karibu. Katika ya mwisho iliita palepale dirishani. Wakasikia kiti kikisukumwa, na Chenge, kama mtu aliyechoka kabisa, akiitika: "Naam."

Mlango ukafunguliwa. Basi.

Kesho yake, baada ya usiku huo wa mwisho, ndipo wavuvi walipoukuta mwili wa Chenge kwenye matete.

Nathaniel alitaka kufunga. Chini kabisa pakatokea faili jingine ambalo mwanzo halikuwepo. Likaanza kusikika lenyewe.

"Teodora..."

Ilikuwa sauti ya Chenge.

Fundi akaiondoa ile herufi. Diski ikapotea kwenye kioo. Akachomoa na waya ukutani. Kimya...

"Teodora..."

Safari hii ilitoka nje.

"Mama, usiitike," alinong'ona, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Mama Teodora alishasimama, anajifunga kanga vizuri, kama anayekwenda kumpokea mumewe.

"Abee," akaitika.

Nathaniel alimng'ang'ania mpaka majirani wakaja. Nje hapakuwa na mtu. Kizingiti tu kilikuwa kimelowa.

Ndugu walimhamishia Usagara, kwa dada yake Wilhelmina, kusiko na ziwa. Nathaniel akaambiwa kuwa mama huyo anakula, analala, anacheka. Akaanza kupumua.

Juzi jioni Wilhelmina akampigia simu.

"Fundi, ile herufi uliyoiweka... uliitoa?"

"Niliitoa palepale, mama. Na diski yenyewe nimeichoma moto."

Nyuma ya Wilhelmina, ndani ya simu, mwanamume aliita taratibu. Na Teodora akaitika kwa furaha: "Abee... nakuja."

"Fundi," Wilhelmina akasema kwa sauti ya chini, "hapa tuko wawili tu."