Fimbo za Wastaafu na Kipimo Kipya cha Bei

Mzee Winchi hakuwa mrefu, lakini dunia aliizoea kuitazama kutoka juu. Miaka mingi aliendesha kreni bandarini. Kreni yenyewe ilikuwa ndefu ajabu. Alisema mawingu yalikuwa yakibisha hodi kabla ya kupita. Alisema pia kwamba siku moja alipiga chafya akiwa kule juu, meli zikang'oa nanga, zikidhani ni king'ora. Mke wake akisikia hayo, hutikisa kichwa na kuendelea kushona.

Sasa amestaafu. Yeye na mkewe wamepanga chumba na sebule katika nyumba ya ghorofa. Asubuhi mzee huchemsha chai. Mke huwasha redio, kisha cherehani huanza kuunguruma karibu na dirisha. Wanaishi kwa pensheni ya mzee na kwa kazi ndogo ndogo za kushona zipu na kupunguza suruali.

Asubuhi moja, redio ilitoa tangazo. Kila mwaka pensheni hupandishwa kwa kufuata mfumuko wa bei, yaani jinsi bei za vitu zinavyopanda. Sasa serikali inapendekeza kutumia kipimo kipya. Kwa kipimo hicho, mfumuko utaonekana mdogo kuliko kwa kipimo cha sasa. Wananchi wanaombwa kutoa maoni kabla ya uamuzi.

Mzee Winchi aliruka nusura amwage chai.

"Umesikia, mke wangu? Mfumuko unashuka! Bei zinarudi chini!"

"Zinarudi vipi?" mke akauliza. "Mbona jana sabuni ilipanda?"

"Hiyo sabuni haijapata habari."

Mzee Winchi alikuwa mwenyekiti wa chama cha wastaafu wa mtaa. Hakungoja chai ipoe. Alipita nyumba kwa nyumba, akawaambia wenzake waunge mkono kipimo kipya. Jumamosi kungekuwa na kikao cha wananchi ukumbini. Yeye angesimama kwa niaba ya chama chote.

Watu walimpigia makofi. Mmoja tu ndiye aliyeguna. Alikuwa mlinzi wa shule zamani, na kwa sauti yake nene walimwita Kengele.

"Winchi," alisema, "habari ikiwa tamu hivi, mimi huitafuta mifupa kwanza."

"Wewe hata uji unautafuta mifupa!" Mzee Winchi akamjibu. Watu wakacheka, mambo yakaisha.

Alasiri alipanda ngazi akipiga mluzi. Mlangoni kwake alimkuta jirani wa ghorofa ya juu akizungumza na mkewe. Alikuwa msichana wa ofisi ya takwimu. Kwa kuwa alitembea na mzani mdogo mkobani, jengo zima lilimwita Dada Mizani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, mbona mnasimama kama mnadaiwa kodi?"

Waliingia. Dada Mizani alikuwa na mkate mkononi. Mke wa mzee akautazama.

"Siku hizi mkate hauturidhishi," alisema. "Bei haijapanda, lakini haufiki jioni. Nimeanza kumshuku huyu mzee."

Dada Mizani akacheka. Akatoa mzani, akauweka mezani, akaweka mkate juu yake.

"Usimshuku, mama. Bei ni ile ile, lakini mkate umepungua uzito. Kwetu sisi, huo umepanda bei."

"Alaa!" Mzee Winchi akainama kuutazama mzani. "Kumbe hiyo ndiyo kazi yako? Kupima mikate?"

"Kazi yangu ni kuulizia bei. Kila mwezi narudi maduka yale yale, naulizia vitu vile vile. Mkate, chumvi, nauli, misumari, kunyoa nywele, kodi ya nyumba. Wenzangu nao wanaulizia katika kila mji. Bei zote hizo huingia katika hesabu moja. Tunaiita kapu."

Mzee Winchi aliweka kikombe chini taratibu. Alikuwa ameinua magari. Alikuwa ameinua vichwa vya treni. Lakini kapu lenye chumvi ya nchi nzima, nauli ya nchi nzima na vichwa vyote vya kunyolewa, hilo hakuwahi kuliona. Alihisi kama siku ile ya kwanza alipopanda kreni na kutazama chini.

"Mungu wangu," alisema. "Na sasa kapu jipya linakuja kutushushia bei."

Dada Mizani akakunja uso. "Nani amesema hivyo, baba?"

"Redio! Mfumuko utakuwa mdogo."

"Ngoja nikuulize jambo la kazi yako. Kreni inainua mzigo. Ukipunguza mwendo, mzigo umeshuka?"

"Haujashuka. Unaendelea kupanda, ila polepole."

"Basi ndivyo ulivyo mfumuko. Ukiwa mdogo, bei bado zinapanda, ila polepole. Na hapa hata mwendo wenyewe haujapungua. Duka ni lile lile. Kilichobadilika ni kipimo tu."

Mke wa mzee akavuta kiti karibu.

"Hebu tueleze, mwanangu. Hicho kipimo kipya kinaacha nini?"

"Kinaacha kodi ya nyumba, mama. Tena kinachukulia kwamba nyama ikipanda, mtu atahamia maharage. Kwa hiyo hakihesabu machungu yote ya nyama kupanda."

"Na maharage yakipanda?"

"Atahamia kitu kingine cha bei rahisi."

"Mimi nilishahamia zamani," mke akasema. "Nikihama tena nitakula sahani."

Walicheka wote. Kisha Dada Mizani akasema kwa upole, "Kipimo kipya si cha uongo. Kina kazi zake, na watu wenye elimu wanakitumia kwa mambo mengine. Kuchagua kipimo si kazi yangu. Lakini jiulizeni: je, kinapima maisha ya mstaafu aliyepanga nyumba?"

"Kwenye pensheni, tofauti yake ni kubwa?" mzee akauliza.

"Kwa mwaka mmoja, ndogo sana. Hata hutaiona. Lakini nyongeza ya kila mwaka hupanda juu ya ile iliyotangulia, hivyo pengo huzidi kukua."

Hapo Mzee Winchi aliinuka. Akaenda dirishani, akatazama chini. Mtu wa kreni hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mguu wa kreni ukiinama chini kwa upana wa kidole, mtu aliye chini haoni kitu. Kule juu kabisa, mkono wa kreni umeshakwenda mbali na meli, unaning'inia juu ya maji.

Akageuka, akamtazama mkewe. Mke alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Yeye akifa, sehemu ya pensheni ingeendelea kumlipa mjane wake. Kosa la leo lingekuwa dogo. Lakini huyu ndiye angesimama kule juu, peke yake, nalo limeshakua.

"Nimewaambia watu wote waunge mkono," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi waambie tena," mke akajibu.

"Watanicheka."

"Wamekucheka kwa ile chafya yako miaka yote, na bado unaisimulia."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mzee Winchi alitegemea kuwaona wanachama wake tu. Lahaula! Walikuja wastaafu wa kila kazi. Wauguzi, wapishi, walimu, madereva, wachimba makaburi. Wengine walishikwa mikono na wajukuu. Waliokosa viti walisimama ukutani, na waliochoka kusimama waliegemeana. Mbele aliketi afisa kutoka wizarani, kijana mstaarabu, na kalamu yake tayari.

Mzee Winchi alisimama.

"Wenzangu," alisema, "niliwaambia tuunge mkono kipimo kipya. Nilikosea. Mfumuko mdogo si bei kushuka."

Minong'ono ikapita. Kengele akasema kwa sauti yake nene, "Mifupa hiyo!"

"Umeipata, ndugu yangu, itafune taratibu," Mzee Winchi akamjibu. "Sasa nipeni fimbo zenu. Zote."

Fimbo zikapitishwa juu ya vichwa. Siku hiyo hakuna aliyeweza kuondoka mapema hata angetaka. Mkewe alitoa vitambaa, akazifunga fimbo moja juu ya nyingine, kwa mafundo ya fundi wa nguo. Fimbo zikawa mlingoti mmoja mrefu uliokaribia kugusa dari. Kengele na wazee wengine walisaidia kuusimamisha wima, kisha Mzee Winchi akaushika chini.

"Huu ndio mwaka wa kwanza," alisema, akionyesha mikono yake. "Kule juu ni uzee wetu. Tazameni."

Aliuinamisha kidogo. Kidogo mno, kiasi kwamba waliotazama mikono yake hawakuona kitu. Lakini ncha ya juu ilianza safari. Iliondoka juu ya kichwa cha mzee. Ikapita juu ya meza ya afisa. Ikaenda, ikaenda, mpaka ikasimama juu ya benchi walilokaa wajane.

Shingo zote zilikuwa zimeinuka. Mpaka leo Mzee Winchi huapa kwamba hata saa ya ukutani ilisimama kutazama. Afisa aliacha kalamu, naye akatazama juu, mdomo wazi.

Mwishowe mjane mmoja, muuguzi mstaafu, akasema bila kuinuka, "Bwana afisa, sisi hatuogopi hesabu. Pima. Lakini pima na kodi yangu."

Hapo ndipo watu walipofunguka. Mmoja baada ya mwingine walisema wanalipia nini: chumba, dawa, nauli, mafuta ya kupikia. Hakuna aliyetukana. Afisa aliandika yote. Wasioweza kufika walituma barua, na wasiojua kuandika waliandikiwa na majirani. Katika miji mingine nao walifanya hivyo hivyo. Mzee Winchi husema maoni yale yangehitaji kreni kuyapandisha wizarani.

Baada ya miezi kadhaa, redio ilitangaza. Maoni mengi mno yamepinga mabadiliko. Pensheni itaendelea kupandishwa kwa kipimo cha zamani, chenye kodi ya nyumba ndani yake.

Mwenye nyumba alipokuja kupandisha kodi, pensheni nayo ilikuwa imeshapanda. Haikuleta utajiri. Ilitosha. Walimlipa, akaondoka.

Mke alifunga mlango, akaegemea hapo kidogo, akitazama chumba chao.

"Basi hata ukitangulia," alisema, "mimi nitabaki hapa hapa."

"Nani amesema natangulia?"

"Sijui. Redio," mke akasema, na wote wawili wakacheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.