Uzi wa Afra

Mama Mkuu alinituma kanisani jioni, sala ilipokwisha.

"Kalete tarumbeta, Walburga. Mdogo wako anaondoka."

Huku Bavaria masista hatupulizi tarumbeta. Eti ni mambo ya wanaume. Basi tunayo yetu: fidla ndefu kuliko mimi, yenye uzi mmoja wa utumbo wa kondoo. Kibao kinachoinua uzi kina mguu mmoja mlegevu. Ukipitisha upinde, ule mguu unagonga mbao, trrr... nawe utaapa umesikia tarumbeta. Sista akikata roho lazima apigiwe, ndipo aende.

Mpigaji ni mimi. Nimpigie Afra? Mtoto niliyemlea tangu mama yetu afe? Nilikwenda nikilia njia nzima.

Kanisani giza. Harufu ya nta... na ya udongo mbichi. Nilinyoosha mkono kuutafuta upinde.

Trrr...

Ilikuwa inalia yenyewe.

"Nyamaza," nikanong'ona. "Huyu simtoi!"

Ikazidi. Nikashika mkasi wa kukatia tambi za mishumaa, nikaukata uzi. Ukaruka, ukanichana shavu. Kimya.

Nikarudi mbio chumba cha wagonjwa. Afra alikuwa amekaa kitandani! Sista Notburga wa jikoni alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Mwone huyu! Jeneza tumeshaagiza, yeye anataka supu ya bia!"

"Na mkate," Afra akasema.

Nikamkumbatia kwa furaha. Mwili wake ulikuwa wa baridi. Nikaweka sikio kifuani pake. Moyo haukudunda.

Trrr... trrr...

"Dada," akaninong'oneza, "nimefika mlangoni. Mbona hujanipigia?"

Nilifunga uzi mpya, nikapiga mpaka vidole vikatoka damu. Ule mguu haukutetemeka tena. Fundi aliitwa, akagonga mbao huku na huku, akatikisa kichwa.

"Mbao nzima, Sista. Sauti ndiyo haimo."

Miaka mingi imepita. Wengine wameshazikwa, Notburga na Mama Mkuu wakiwamo, kila mmoja kwa uzi mtupu usio na tarumbeta, wakaenda salama. Mwito niliokata ulikuwa wa Afra peke yake. Mimi meno yamekwisha. Yeye uso ni uleule wa usichana, na supu yake hupoa bila kuguswa. Kila jioni, sala ikiisha, hunishika mkono kwa vile vidole vya baridi.

"Leo, dada?"

Humwambia kesho. Lakini juzi nilianza kukohoa damu... na yeye amekisikia kile kikohozi, akaanza kulia.

"Dada, usitangulie."