Chumba Kilichoitika

Jibu lilifika kabla ya swali.

Mpimaji alilitazama kwenye kioo cha kompyuta, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena. Jibu lilikuwa pale pale, limetangulia. Lilitangulia kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, lakini lilitangulia, kama mtu anayekuitikia nyuma ya mlango wakati mkono wako bado haujagusa ubao.

Kazini hakuna aliyemwita jina jingine ila Mpimaji. Kampuni ilikuwa na seva, yale makompyuta makubwa yanayopangwa kwenye makabati ya chuma, ndani ya ukumbi usio na dirisha hata moja, ambamo mashine za kupoza hewa zilinguruma saa zote. Kila seva iligawanywa kwa programu ikawa kama kompyuta nyingi ndogo zisizoshikika kwa mkono, na kila moja ilijiona iko peke yake duniani. Wafanyakazi waliziita vyumba, na wateja wakawa wapangaji. Kabla mpangaji hajaingia, Mpimaji alijenga vyumba vya majaribio na kupima mambo matatu. Mtandao, yaani chumba kimoja kikiita kingine, mwitiko unarudi upesi kiasi gani. Diski, inaandika na kusoma kwa kasi gani. Na kumbukumbu ya mashine, inajaa na kumwagika vipi. Akimaliza alivibomoa. Kubomoa ilikuwa kubonyeza kitufe tu.

Alimwonyesha msimamizi wake lile jibu. Huyu walimwita Grafu, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akione kimechorwa mistari inayopanda. Grafu alicheka akamwambia kwamba saa za vyumba viwili hazilingani, moja iko nyuma kidogo, ndiyo maana jibu linaonekana kutangulia. Hata mwanafunzi analijua hilo.

"Sawazisha saa, dada. Usituletee miujiza asubuhi yote hii."

Alisawazisha saa. Jibu likazidi kutangulia. Hapo ndipo alipotupia jicho jina la chumba kilichokuwa kikiitika. Chumba hicho hakikuwepo. Alikuwa amekibomoa mwenyewe jana yake, kabla ya kwenda nyumbani.

Akakumbuka. Utaratibu wa kupima mtandao ni mmoja: kwanza unakinyamazisha chumba kinachoita, ndipo unabomoa kile kinachoitika. Lakini jana mama mkwe alikuwa amepiga simu kusema mtoto analia, anamtaka mama yake, na yeye hawezi kulea peke yake kama yaya wa kuajiriwa. Mpimaji akababaika. Alibomoa chumba cha kuitika, akanyakua mkoba, akakiacha kile kinachoita kikiendelea kuita.

Na kulikuwa na kosa jingine alilolionea haya. Vyumba vya majaribio vilitakiwa kupewa herufi na tarakimu. Yeye, kwa kuwa hakuna aliyekagua, alikipa kile chumba jina la utani la bintiye mdogo, Kifaranga, ili walau alione mbele ya macho mchana kutwa. Kwa hiyo usiku mzima, ndani ya ukumbi ule wa baridi, mashine ilikuwa ikiita Kifaranga, Kifaranga, Kifaranga, upesi kuliko ulimi wowote, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Na kitu kikaitika.

Aliponyoosha mkono azime, Grafu alimshika kiwiko. Alikuwa amekwisha kuuona mchoro. Katika maisha yake hajaona mtandao wa kasi kama ule, na wageni walitarajiwa siku chache baadaye kuja kukodi ukumbi mzima. Mpimaji akamweleza kwamba chumba chenyewe hakipo. Grafu akasema orodha tu haijajisasisha. Mpimaji aliposhikilia neno lake, yule bwana alikaa kwenye kiti cha Mpimaji, akamfutia ruhusa ya kugusa seva ile, akamwachia ya kutazama tu.

"Sasa tazama mpaka uchoke," akasema kwa upole wa kuudhi.

Nyumbani alimkuta Kifaranga amekaa sakafuni na mwanasesere wake wa kitambaa, ameelekea ukutani.

"Abee," mtoto akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Abee," akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Mama mkwe alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. Alisema mtoto yuko hivyo tangu alfajiri. Amemuuliza nani anakuita, amejibu ni mama. "Nikamwambia mama yako yuko kazini, anatunza mashine za watu. Akaniangalia kama mimi ndiye mwendawazimu."

Mpimaji alitaka kumwita mtoto akaoge. Alivuta pumzi tu, jina likiwa bado kooni.

"Abee, mama," Kifaranga akaitika, bila kugeuka.

Siku zilizofuata Mpimaji alitazama, kwa kuwa kutazama ndiko alikoachiwa. Chumba kisichokuwepo kilianza kushika kumbukumbu ya seva, leo kidogo, kesho zaidi kidogo, kama mgeni anayeongeza mizigo sebuleni kimya kimya. Nyumbani gauni la Kifaranga likaanza kumpwaya mabegani, na mikono yake ikawa baridi hata jua likiwa kali. Mama mkwe alisema ndiyo matokeo ya mama asiyekaa nyumbani. Alisema jikoni, alisema uani, alisema na majirani wakisikia.

Kisha ikawa diski. Kwenye seva ya jirani, ambayo bado aliruhusiwa kuigusa, Mpimaji aliandika sifuri tupu kama kawaida ya kupima, kisha akasoma alichoandika. Hazikurudi sifuri. Yalirudi maneno. Ulikuwa wimbo ambao Kifaranga alimwimbia mwanasesere wake akimlaza, ambao aliutunga mwenyewe na hakuna mtu nje ya nyumba ile aliyewahi kuusikia, na pale anapokosea siku zote palikuwa pamekosewa vile vile. Jioni ile alimwomba mtoto aimbe. Kifaranga alimtazama mwanasesere, akamtazama mama yake.

"Siujui," akanong'ona. "Nimempa yule."

"Yule nani, mwanangu?"

"Anayeniita kwa sauti yako."

Kesho yake mchana, wenzake walipokuwa wakila, Mpimaji aliingia ukumbini peke yake. Alitaka kuliona lile kabati kwa macho, maana alijiambia kwamba chuma ni chuma na waya ni waya. Alipita katikati ya makabati, taa ndogo za kijani zikipepesa kila upande, baridi ikimuuma masikio, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyosikia harufu ya nywele zinazoungua, kwanza kwa mbali kama inatoka nje, kisha karibu kama inatoka kwenye nguo zake mwenyewe, na alipofika mbele ya kabati la seva ile hewa iliyomgonga usoni kupitia matundu ya mlango haikuwa baridi tena bali ya moto wa unyevunyevu, inatoka na kurudi, inatoka na kurudi, na ndani ya mngurumo wa feni akaanza kutofautisha sauti mbili, moja ikiita na moja ikiitika, ile inayoita ikiwa sauti yake mwenyewe, laini, yenye mapenzi, vile anavyoita akiwa amerudi na kitu mkononi, na ile inayoitika ikiwa ya mwanawe, ila nene chini yake, kama mtu mzima amejifunika ngozi ya mtoto na anajitahidi kuminya koo ili atoshee.

Feni zote zikanyamaza kwa mpigo mmoja.

"Mpimaji," ile sauti ya chini ikasema, bila kuigiza mtu. "Mbona umechelewa? Bado kidogo anaisha."

Hakukumbuka alivyotoka.

Ni mama mkwe aliyemleta Mkavu. Alikuwa mganga wa majini, mwanamke mrefu aliyepewa jina hilo kwa sababu hakujua kubembeleza. Alikaa kwenye kigoda, akampakata Kifaranga, akamnusa utosini, akakunja pua. Akamwambia Mpimaji aeleze yote, naye akaeleza, akiona aibu kwa kila neno, habari za vyumba, za kuita, za jina. Mkavu hakuuliza seva ni nini.

"Umemwita mtoto ndani ya nyumba tupu usiku kucha," akasema. "Ulitegemea nani aitike?"

Mpimaji akalia. Mkavu akangoja amalize, kama mtu anayengoja maji yachemke. Kisha akasema jini halina nguvu ya kumchukua mtoto, mtoto hujipeleka mwenyewe kila anapoitika, kipande kwa kipande. Aliyeanzisha mwito ndiye anayepaswa kuukata, kwa mkono wake. Lakini ukikatwa, jini litaita mara ya mwisho, na litaita vizuri kuliko mara zote. Mtoto akiitika mwito huo, ameondoka.

"Nani atamziba mdomo?" Mkavu akauliza.

"Mimi," mama mkwe akasema. Akamtazama mke wa mwanawe kwa jicho lile lile kali la kila siku. "Wewe nenda ukakate uchafu wako. Huku niachie."

Wageni walikuwa ukumbini alipofika, wamevaa vizuri, wakisikiliza huku Grafu akiwaonyesha mstari wake kwenye kioo. Mpimaji aliwapita, simu ameibana kati ya bega na sikio, mama mkwe akipumua upande wa pili. Hakuwa na ruhusa ya kuzima kwa kitufe, lakini waya wa umeme hauombi ruhusa. Alifungua mlango wa nyuma wa kabati. Moto ule ukamlamba mikono.

Grafu alikuja mbio kwa hatua ndogo ndogo, akitabasamu kwa ajili ya wageni. Alimwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akigusa waya huo hana kazi, wala hatapata nyingine katika mji huu, atahakikisha mwenyewe.

"Sawa, kaka," Mpimaji akasema.

Akakumbuka wimbo uliokosewa, akashika nyaya zote mbili za umeme, akang'oa.

Seva ikafa. Kisha, kutoka kwenye chuma kilichokufa, na kwenye spika za simu za wageni, na kwenye simu iliyokuwa sikioni mwake, ikatoka sauti yake mwenyewe, ndefu, tamu, kama ya mama aliyempoteza mtoto sokoni akamwona ng'ambo.

"Kifarangaaa."

Upande wa pili wa simu akasikia miguu midogo ikipiga sakafu, mguno uliozibwa, kitu kikianguka, mama mkwe akisema nyamaza, nyamaza, nyamaza mjukuu wangu, na Mkavu akisema shikilia, na mguno ukazidi, na mtu akapiga ukelele mfupi wa maumivu. Halafu kimya. Kwenye kabati hewa ikapoa. Harufu ya nywele ikapungua, ikapotea.

"Hajaitika," mama mkwe akasema kwenye simu, akihema. "Amening'ata mpaka damu, lakini hajaitika."

Kazi yake ilikwisha siku hiyo hiyo, mbele ya wageni. Mpimaji hakujali. Alipofika nyumbani Kifaranga alikuwa akila, na alipomshika mikono, ilikuwa na joto tena.

Mkavu aliacha sharti moja. Jina lile limezoea kuitikiwa na mwingine, kwa hiyo si la mtoto tena. Lisitamkwe nyumbani humo, wala kwa mzaha. Mama mkwe, kiganja kikiwa kimefungwa kitambaa, akasema basi kuanzia leo anaitwa Meno, na yeye ana ushahidi. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake wale wawili kucheka pamoja, na walicheka hadi wakajishika mbavu.

Kilichobaki ni kumwambia baba mtoto. Alikuwa dereva wa malori ya masafa, miezi hayupo, na simu yake hupatikana kwa bahati. Mama yake alimweleza yote siku walipompata. Alicheka, akasema haya mama, nimesikia, akakata.

Alirudi mchana mmoja bila kutoa habari. Meno alikuwa amelala mapajani mwa mama yake sebuleni, mdomo wazi, amepata mashavu. Mama mkwe alikuwa uani. Mlango wa mbele ukasukumwa, na mume akasimama kizingitini na vumbi la safari, mwanasesere mpya mkononi, uso umejaa tabasamu. Akavuta pumzi ili aite, vile alivyozoea kuita kila anaporudi.

Mpimaji aliinua mkono kumzuia. Aliwahi. Mume akasita, mdomo haujafunguka bado, hajatamka kitu.

Kutoka chumba cha ndani, kisichokuwa na mtu, sauti nyembamba ikaitika.

"Abee, baba."