Do Ndogo, Polepole

Jumamosi moja saa nne asubuhi, katika soko la Pignasecca mjini Napoli, Ersilia Cacace alikuwa kwenye foleni ya kome aliposikia mtu nyuma yake akipiga mluzi. Mkono uliokuwa ukitafuta pochi ukasimama. Wimbo ule ulikuwa umelala maktabani zaidi ya miaka mia mbili, hauna hata jina la mtunzi. Ersilia mwenyewe ndiye aliyeunakili kwa penseli, na nje ya kundi lake la muziki hakuna aliyekuwa nao.

Akageuka. Mwanamume mrefu, koti la kahawia lililokosa kifungo kimoja, nywele zinazodai kinyozi.

"Unakimbilia wapi?" alimuuliza.

"Mimi? Nasubiri kome."

"Huo wimbo. Unaukimbiza kama umeuiba."

Mwanamume alimtazama, akaitazama na skafu yake ya rangi ya haradali, kisha akacheka. Alijitambulisha kuwa ni Nunzio Sorvillo, mpiga kinanda cha kale aliyeajiriwa na kundi lile Alhamisi. Muuza samaki akawauliza kama wananunua au wanaimba misa. Walinunua kilo moja moja, wakaenda kunywa kahawa wakiwa wamesimama, na kome wakaanza kunuka kabla hawajamaliza kubishana.

Mabishano yenyewe ndiyo yaliyowaleta pamoja. Muziki ule ulitungwa kwa filimbi moja, ambayo Ersilia ndiye aliyeipiga, na vyombo vya nyuzi vikisindikizwa na kinanda, una sehemu tatu. Ya kwanza na ya tatu ni za furaha na kasi. Ya katikati ni ya Do ndogo, ufunguo wa huzuni, unaoitesa filimbi ya mbao: noti nyingi hutoka zimefifia, kama mtu anayesema amejiziba mdomo kwa leso. Mtunzi hakuandika mwendo. Nunzio alidai huzuni nayo ina miguu, itembee. Ersilia alitaka iende polepole mpaka iume.

Kila adhuhuri Nunzio alimpigia simu. "Bibie, leo tunalia kwa mwendo gani?" Naye humjibu, "Polepole, mpenzi, mpaka ujifunze." Kufikia Februari wakawa hawaachani.

Jambo moja tu Ersilia hakulisema. Miaka miwili nyuma madaktari walimkata kipande cha pafu la kushoto. Dada yake Titina ndiye pekee aliyejua. Na katika sehemu ile ya polepole kulikuwa na mstari mmoja mrefu, usio na kituo hata kimoja cha kupumua.

Mwezi Machi Nunzio alibadilika. Utani ulipungua. Kwenye mazoezi akawa anausukuma mwendo. Kila Ersilia alipouvuta nyuma, kinanda kilimtangulia. Siku tatu kabla ya tamasha lao la Jumapili kanisani akapendekeza, mbele ya kundi zima, wahamie Re ndogo, ambako filimbi hutoka wazi na haidai pumzi nyingi. Ersilia alimwambia kwamba kule kufifia ndiko huzuni yenyewe, na asiyeisikia akapige muziki wa harusi. Nunzio akajibu kwamba bora harusi kuliko mazishi. Wenzao wakainamia vyombo vyao. Ersilia akafunga filimbi yake akaondoka, na siku nzima iliyofuata Nunzio alimpigia simu bila kupokewa.

Jumamosi asubuhi alikuja Titina. Hakutaka hata kukaa. Alikiri kwamba wiki tatu zilizopita alimpigia Nunzio akamweleza habari ya pafu, akamsihi amlinde dada yake.

Ersilia alisubiri mpaka mlango ulipofungwa, ndipo akampigia Nunzio.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Wiki tatu unanisikiliza kama muuguzi."

"Midomo yako ilikuwa inageuka buluu, Ersilia. Ulitaka nitazame tu?"

"Nilitaka uniulize."

"Niliogopa ungeniambia nisijiingize."

"Kesho naipiga Do ndogo, na polepole. Ukiikimbiza, naiweka filimbi chini mbele ya watu, natoka. Usinitafute tena."

Akakata.

Jumapili saa kumi na moja jioni kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Ersilia alivaa gauni la kijani kibichi lenye kola ya juu. Nunzio, katika koti jeusi lililopigwa pasi vizuri, alikaa kwenye kinanda bila kumtazama. Sehemu ya kwanza ilipita salama. Kisha kukawa kimya, na Ersilia akaanza ya pili polepole kuliko alivyowahi kuipiga.

Nunzio alimfuata. Mstari mrefu ulipofika, aliliona bega la kushoto la Ersilia likipanda na sauti ikianza kukonda. Vidole vyake vilitaka kukimbia. Kuharakisha kidogo tu kungemvusha. Badala yake akasimamisha mwendo. Aliifungua sauti ya kinanda noti moja moja, kutoka chini kwenda juu, bila haraka, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Wapiga nyuzi walimtazama kwa hofu, wakatulia naye.

Ersilia akavuta pumzi. Ilisikika mpaka viti vya nyuma, nzito, yenye mkwaruzo. Mwanamke mmoja mbele alishika kifua chake. Kisha filimbi ikarudi, imefifia na kutetemeka, ikaumaliza mstari. Mara mbili zaidi alihitaji pumzi, na mara mbili zaidi Nunzio alisimama akamngoja.

Sehemu ya tatu ilipoisha na makofi kukoma, walikutana katika chumba cha nyuma. Ersilia alikuwa amekaa, anahema.

"Pafu halitapona," alisema. "Baada ya miaka michache sitaweza kupiga hata hivi. Nilitaka ulisikie hili kwangu, si kwa Titina."

Nunzio alichuchumaa mbele yake. Hakumpa faraja yoyote. Alisema amekosa, na kwamba hatamfanyia tena jambo lolote bila kumuuliza kwanza.

"Basi anza kuuliza," Ersilia akasema.

Nunzio akamuuliza kama angekubali kuolewa naye.

Ersilia alimngojesha hapo sakafuni mpaka pumzi yake ikakaa sawa, kisha akakubali.