Waya Mwekundu kwa Mweusi

Jumamosi ile Soko la Majengo lilikuwa limefurika, na Emilia alikuwa ameng'ang'ania mkono wa umeme kama mtu aliyemkamata kuku wake aliyepotea. Ulikuwa fimbo nene ya chuma yenye mota, ya kusukuma na kurudi. Upande wa pili ulikuwa umeshikwa na kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi limekakamaa.

"Dada, mimi nimeuona kwanza."

"Umeuona. Mimi nimeushika."

Kijana akacheka, akauachia. Aliitwa Yotham, mtu wa Chamwino, fundi kompyuta pale mjini, na jioni zake zote ziliishia kwenye roboti za kujitengenezea. Emilia alikuwa na ugonjwa huohuo. Alimweleza kwamba anataka kumtengenezea baba yake kiti cha kumkalisha na kumsimamisha, maana magoti ya Mzee Luka yamechoka na mwenyewe hapendi kushikwashikwa. Haukupita muda wakawa wanakitengeneza pamoja sebuleni kwa kina Emilia, Area D, na wakiachana simu inaanza. Yotham akimwita injinia wangu, Emilia humwambia aache maneno matamu alete skrubu.

Nyaya alizifunga Emilia. Mkono ule, uliokaa chini ya kiti kukiinua, ulikuwa na nyaya tano: mbili nene za mota, tatu nyembamba za kihisi kinachoiambia bodi inayoongoza mota mkono umefika wapi. Bodi hulinganisha ulipo na unapotakiwa, kisha huuamuru utoke au urudi. Katika jaribio la kwanza mota na kihisi vilipingana. Mkono ukiamriwa kurudi, unatoka, na kadiri unavyokosea ndivyo unavyozidi kutoka. Basi Emilia akaunganisha waya mwekundu wa mota kwa mweusi wa bodi, na mweusi kwa mwekundu. Kiti kikatii. Mzee Luka akawa anapanda na kushuka, anacheka peke yake.

Siku ya kuleta barua ya posa, Yotham aliwahi kuja kusaidia kupanga viti. Akaziona zile nyaya. Mtu mwenye akili zake angeuliza. Yeye akaona mchumba wake amekosea rangi, akamhurumia, akakata na kuunganisha upya, mwekundu kwa mwekundu, akafunga tepu vizuri. Hakujaribu. Hakusema. Alidhani huo ndio upendo.

Wageni wakafika, wakiongozwa na baba mdogo wa Yotham, Mzee William, ndani ya koti la kaunda suti. Emilia alivaa gauni la kitenge cha zambarau, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Mzee Luka akatoka chumbani kwa fimbo yake, akaegemea kiti kilichokuwa kimeinuliwa kumsubiri, akabonyeza kitufe cha kushuka. Kiti kikapanda. Kikaendelea kupanda hadi mwisho, kikammwaga mzee wa watu mkekani mbele ya wakwe.

Walipomwinua, Mzee William akatikisa kichwa. "Mambo ya umeme mngemwachia mwanamume."

Emilia alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya kiti. Aliiona tepu mpya. Akamtazama Yotham, na Yotham akatazama viatu vyake. Hapo ndipo hasira ilipompanda hadi masikio yakaziba. Kosa angelisamehe, ule ukimya hapana. Aliichukua barua juu ya meza, haijafunguliwa, akamrudishia Mzee William kwa mikono miwili.

"Baba, shikamoo. Rudini nayo."

Simu ziliita wiki nzima. Alipokea moja tu.

"Mpenzi wangu, niliona rangi hazilingani. Nisamehe."

"Hukuniuliza."

"Nisamehe, mama."

"Kwenye simu? Baba yangu alianguka kwenye simu?"

Akakata. Alilia kwa hasira, akawakemea hata majirani waliomsalimia vizuri. Alimpenda, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Jumapili baada ya ibada Yotham akabisha hodi, Mzee William nyuma yake amenuna, barua mkononi. Hakukaa. Alisema mbele ya wote kwamba nyaya aliziharibu yeye, kwamba Emilia alizifunga sawasawa, na kwamba alinyamaza kwa woga wa kuaibika. Mzee William akakohoa.

Emilia akamtupia koleo. "Zirudishe."

Akazirudisha, mwekundu kwa mweusi.

"Egemea wewe kwanza."

Yotham akaegemea kiti kilichoinuliwa, suti na tai, jasho likimtiririka. Emilia akabonyeza. Kiti kikamshusha taratibu hadi chini. Akataka kuinuka.

"Usisimame. Sijamaliza. Ukiona nimekosea, niulize. Nikilaumiwa kwa kosa lako, fungua mdomo papo hapo, si baada ya wiki. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Bado nina hasira, Yotham. Nadhani nitaingia nayo hata kanisani siku ya harusi."

Mzee Luka alitazama chini kuficha tabasamu. Emilia akamgeukia, macho yamejaa machozi na uso bado umekunjamana.

"Baba, pokea barua yao."