Goli la Upande Wangu

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikilia, wasichana wa timu yetu tulivua sketi za sare, tukavaa bukta juu ya suruali za michezo, tukafunga mitandio kwa nyuma na kuelekea uwanjani. Uwanja wenyewe uko nyuma ya madarasa, hapa kwetu Dunda, mjini Bagamoyo. Upande mmoja una nyasi. Upande wa pili, ule unaoelekea baharini, ni mchanga mtupu, na ukikimbia dakika tano tu miguu inakuwa mizito. Huko ndiko nilikopangwa mimi.

Jina langu ni Hafidha. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tatu, nikicheza beki wa pembeni, kushoto. Mwalimu Yahya, kocha wetu, alitufundisha kwamba beki wa pembeni ana kazi mbili. Timu ikishambulia, apande mpaka karibu na kona akapige krosi. Mpira ukipotea, ashuke mbio akazibe njia yake. Kazi ya kwanza niliipenda. Ya pili niliichukia kabisa. Ukipanda watu wanakushangilia, lakini ukishuka unakula mchanga na hakuna anayekutazama.

Mtu niliyemchukia zaidi ya mchanga ule alikuwa Sikuzani, kipa wetu. Alihamia shuleni kwetu mwezi wa kwanza kutoka kijijini Miono, akawa anaishi na shangazi yake. Ndani ya wiki mbili alikuwa amemnyang'anya rafiki yangu Dija nafasi ya golini. Akikasirika alichanganya Kiswahili na Kikwere, lugha ya kwao, na sisi wa mjini tulimwigiza hadi mbavu zikatuuma. Yeye hakucheka wala hakulia. Alichojua ni kusimama golini na kunipigia kelele kila nilipopanda: "Hafidha, rudi. Hafidha, rudi." Sauti yake ilinikera hadi nikawa naisikia nikiwa nyumbani nakula.

Timu yetu ilikuwa na sheria yake, na sijui nani aliianzisha. Tukifungwa, aliyesababisha goli alifua jezi zote kumi na moja peke yake. Alizibeba kwenye ndoo, akaenda kufulia bombani, na wapita njia wakajua nani kaharibu. Mimi sikuwahi kuzifua, na nilijisifu kwa hilo.

Jumamosi moja tulicheza na shule jirani. Tulikuwa tunaongoza goli moja kwa bila na dakika chache zimebaki. Tukapata kona. Mwalimu alikuwa amenionya mapema kwamba kwenye kona zetu mimi nibaki nyuma, lakini nilitaka kufunga, nikapanda. Kona ikapigwa, beki wao akauondoa mpira, na winga wao akaupata akaanza kukimbia upande wangu, upande wa mchanga. Hakukuwa na mtu mbele yake. Nilimfuata hatua kama kumi hivi. Halafu nikaona ni mbali na nimechoka, nikainama kufunga kamba za njumu zangu. Kamba zenyewe hazikuwa zimefunguka.

Sikuzani alibaki peke yake. Akatoka golini kumzuia, winga akaupitisha mpira pembeni yake, likawa goli. Mechi ikaisha sare, goli moja kwa moja.

Mwalimu Yahya hakuona chochote. Wakati ule alikuwa ameinama nje ya uwanja, anamfunga Khairat, nahodha wetu, kitambaa gotini. Wenzangu wote walikuwa mbele kwa ajili ya kona, na hakuna aliyekuwa akinitazama mimi. Mwalimu alipouliza imekuwaje, niliwahi kujibu kabla ya mtu yeyote.

"Nilisharudi, mwalimu," nikasema. "Nilikuwa nimeshamfikia. Nilimwambia Sikuzani abaki golini, akatoka."

Sikuzani alinitazama kama hajasikia vizuri. Kisha akasema mimi mwongo, kwamba nilikuwa nimeinama kule juu. Alisema kwa hasira, maneno ya Kikwere yakaingia, na wasichana wakaanza kucheka. Khairat akamwambia afunge mdomo, asimsingizie mwenzake. Dija akamsukumia ndoo ya jezi kwa mguu. Mwalimu alisema kipa asiyesikia ni hatari, akatangaza kwamba mechi ijayo Dija angerudi golini. Mechi hiyo ndiyo ingeamua nani aende mashindano ya wilaya.

Ningeweza kusema ukweli palepale. Lakini nilijua mwalimu angeninyima namba, na ile namba kwangu ilikuwa kila kitu. Nilitaka kuwa kama Mayasa.

Mayasa alikuwa binti wa Mzee Mahfoudh, mwenye duka la mabati na misumari. Alianza mpira kwenye uwanja huohuo wetu, akasajiliwa na klabu moja ya Dar es Salaam akiwa na miaka kumi na saba, akacheza beki wa pembeni misimu kumi na moja, miwili kati ya hiyo nchi za nje. Goti la kulia lilipomshinda alirudi nyumbani, akawa anauza dukani kwa baba yake. Watoto walimwogopa. Hakuwa na maneno matamu, na ukimuuliza habari za mpira alikuuliza kama umekuja kununua misumari.

Jumatatu nilijipa moyo nikaenda. Bomba la maji lilikuwa kando ya duka lile, na Sikuzani alikuwa pale ameinamia beseni. Nilijifanya sijamwona.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Unataka misumari?"

Nikamwambia nataka anifundishe. Nilitaka kuwa beki wa pembeni wa kulipwa, kama yeye. Mayasa aliendelea kupanga makufuli kwenye rafu. Kisha akanionyesha Sikuzani kwa kidevu, akauliza kwa nini mtoto yule anafua jezi nyingi hivyo. Nikamweleza sheria yetu, na kwamba yeye ndiye aliyesababisha goli.

"Kamba zako ziko sawa leo?" akauliza.

Nikatazama viatu vyangu kabla sijaelewa.

"Nilikuwepo Jumamosi," Mayasa akasema. "Nilisimama upande wa mchanga, kwa sababu upande ule ndio wangu."

Nilimwomba asimwambie mwalimu. Najua ni aibu, lakini ndicho kitu cha kwanza nilichosema. Alinijibu bila kupandisha sauti kwamba hatamwambia mtu. Akisema yeye, mimi nitakuwa nimekamatwa tu, na mtu aliyekamatwa hajifunzi kitu zaidi ya kujificha vizuri siku nyingine. Nikashusha pumzi. Hakunipa nafasi ya kufurahi.

"Msimu wangu wa pili Dar nilifanya hivyohivyo," akasema. "Sikushuka, tukafungwa, nikamtupia lawama beki wa kati, msichana mmoja anaitwa Adila. Watu waliniamini kwa sababu mimi nilikuwa na jina. Msimu ulipoisha wakamwacha. Mimi nikacheza miaka mingine tisa. Mwaka jana nikamtafuta kwao ili nimwombe radhi. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniambia, Mayasa, umechelewa miaka tisa. Niliinywa chai ile na sikujua kama ilikuwa na sukari."

Alifunga kabati, akasema duka ni la wanunuzi, na mimi nikitaka kufundishwa najua pa kuanzia. Nilitoka nimemchukia. Nilimchukia kuliko Sikuzani.

Pale bombani nikapita karibu kuliko nilivyotaka. Mikono ya Sikuzani ilikuwa imechubuka kwenye vifundo kwa sababu ya kusugua matope. Hakuinua kichwa. "Niko nyuma yako kila mechi," akasema. "Mimi naona kila kitu unachofanya. Usidhani sioni." Kisha akasema hatarudi kwenye timu. Jezi zikikauka, angempa mwalimu na kumwambia asimhesabu tena.

Usiku huo na siku iliyofuata nilijibishana na nafsi yangu. Nilijiambia goli ni goli tu. Nilijiambia hata angebaki golini angefungwa. Nilijiambia wa Miono atarudi Miono siku moja na mambo yataisha. Kila nikimaliza kujitetea, namwona Mayasa na chai yake.

Jumatano mwalimu alitukusanya kabla ya mazoezi. Sikuzani alikuja na ndoo ya jezi zilizokunjwa vizuri, akaiweka chini, akafungua mdomo kuaga. Nilisimama kabla hajasema.

"Mwalimu, mimi sikurudi," nikasema. "Niliinama kujifanya nafunga kamba. Sikumwambia Sikuzani neno lolote. Alitoka golini kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Lile goli ni la upande wangu."

Hakuna aliyenipongeza. Khairat aliniita mnafiki mbele ya wote, akasema amemtukana mtu asiye na kosa kwa sababu yangu. Dija, rafiki yangu, alisogea akakaa mbali nami. Mwalimu Yahya alimgeukia Sikuzani kwanza.

"Mwanangu, nilikuhukumu na sikuwa nimeona," akasema. "Kosa lile ni langu pia. Nakuomba radhi, na golini utarudi wewe, kama bado unataka."

Sikuzani alitikisa kichwa kukubali, macho yake yakiwa kwenye ndoo. Mimi mwalimu aliniambia Jumamosi nitaanzia benchi. Akaongeza kwamba sheria ya kufua imefutwa, kuanzia sasa kila mtu afue jezi yake, ila wiki hii nitafua zote mimi. Baada ya mazoezi, zikiwa zimeshachafuka tena, nilizibeba mpaka bombani. Nilipokuwa nazitumbukiza kwenye beseni, Sikuzani akaja, akachomoa ya kijani, jezi ya kipa.

"Hii nitafua mwenyewe," akasema, akaondoka nayo.

Jumamosi nilikaa benchi na hakuna aliyekaa karibu yangu. Khairat alitufungia goli mapema kipindi cha pili. Zilipobaki dakika kumi, msichana aliyecheza nafasi yangu alikamatwa na misuli ya mguu, na mwalimu hakuwa na beki mwingine wa kushoto. Alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kuniita.

Niliingia upande wa mchanga. Dakika zile Sikuzani alidaka mipira mitatu, na yote aliitupa kulia, hata pale mimi nilipokuwa peke yangu na nimeinua mkono. Nyuma yangu kulikuwa kimya. Sikuwahi kufikiri kwamba nitaitamani ile kelele yake ya "Hafidha, rudi".

Karibu na mwisho Khairat alikosa pa kuupeleka mpira, akanipa. Nilipanda mpaka karibu na kona, watu wakaanza kushangilia, nikapiga krosi, ikadakwa. Kipa wao akautupa mpira mbali, kwa winga wao aliyekuwa nyuma yangu kabisa. Kilikuwa kitu kilekile. Njia yote ilikuwa wazi, na kifua changu kilikuwa kinawaka moto.

Niligeuka nikakimbia. Mchanga uliingia ndani ya njumu, mtandio ukafunguka, macho yakajaa jasho. Sikumfikia mpaka tulipoingia ndani ya eneo la hatari, na hata pale sikuweza kuugusa mpira. Nilichoweza ni kukaa kati yake na goli, nikamlazimisha aende pembeni. Akapiga akiwa amebanwa, mpira ukaenda hauna nguvu, na Sikuzani akaulalia.

Alisimama taratibu na mpira kifuani. Akatazama kulia, ambako Khairat alikuwa anaomba kwa mikono miwili. Kisha akanitazama mimi, nimeshika magoti, natafuta pumzi. Akanitupia mpira miguuni.

"Panda," akasema. Hakutabasamu.

Filimbi ya mwisho ilipolia na wenzetu wakakimbizana kwa furaha, sisi wawili tulibaki pale golini tukifuta mchanga usoni. Nilimwambia anisamehe. Akajibu kwamba ataona. Mayasa alikuja akichechemea kutoka upande wake wa mchanga, akatutazama kama anavyotazama wateja wasiojua wanachotaka.

"Ukipanda, dunia nzima inakuona," akaniambia. "Ukishuka, anakuona mmoja tu, yule aliye nyuma yako. Unaweza kuwadanganya wengine wote, hata kocha, lakini huyo humdanganyi, na ukimbebesha kosa lako unampoteza. Mimi nilimpoteza wangu. Wewe umewahi kabla wako hajaondoka, lakini ilibaki kidogo sana, usijisifu."

Nikamwambia nimesikia. Akaanza kuondoka, halafu akageuka.

"Jumatatu saa kumi, hapahapa, upande wa mchanga," akasema. "Na uje na kipa wako, kama atakubali kuja na wewe."

Nilimgeukia Sikuzani. Alikuwa anaondoa mchanga kwenye glovu zake, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Saa kumi," akasema. "Na usichelewe."